Injini ya boti ikichemsha, anzia kwenye ekzosi

Injini ya boti ikianza kuchemsha, cha kwanza kulaumiwa ni themostati, vali inayodhibiti joto la injini. Inang'olewa, inatupwa, na safari inaendelea. Naupinga mtindo huu kwa nguvu zote. Dizeli inayofanya kazi ikiwa baridi haichomi mafuta vizuri, masizi yanajaa kwenye ekzosi, na ekzosi iliyoziba ndiyo itakayokuchemshia injini siku nyingine.

Mimi huanzia nyuma ya boti. Washa injini, inama, tazama maji ya bahari ya kupozea yanayotoka pamoja na moshi. Yakiwa machache kuliko kawaida, zima. Usisubiri geji, maana mpira wa ekzosi unaweza kuanza kuungua kabla mshale haujapanda.

Kagua vali ya maji ya bahari na chujio, halafu ufungue pampu. Chomoa impela, yaani gurudumu la mpira lenye mabawa linalosukuma maji, kunja kila bawa kwa kidole gumba na uangalie shina lake. Ukiona ufa, weka mpya. Bawa likikosekana, usifunge kitu mpaka ulipate! Niliwahi kubadilisha impela bila kutafuta vipande, na injini ikaendelea kuchemsha vilevile. Vilikuwa vimekaa kwenye mdomo wa kipozeo, vimeziba vijibomba vyake.

Lakini mkosaji anayesahaulika zaidi ni elbo ya ekzosi, kile kiwiko cha bomba pale maji ya chumvi yanapokutana na moshi wa moto. Chumvi na masizi hushikana humo vikawa kama jiwe. Kuna moja niliyoifungua, tundu lake lilibaki la kupitisha penseli tu. Maji yalikuwa bado yanatoka, kwa hiyo hakuna aliyeishuku. Dalili zilikuwepo: injini ilitulia ikiwa sailensi, yaani ikizunguka polepole bila kuongezwa mafuta, ila ukiongeza mwendo haikufika kasi yake, moshi ukawa mweusi, joto likapanda.

Moshi mweupe unaopotea upesi hewani ni mvuke, basi rudi ukague njia ya maji. Ukining'inia na kunuka dizeli, hayo ni mafuta yasiyoungua, kagua nozeli zinazopulizia mafuta ndani ya silinda.

Na injini ikigoma kuwaka, funga vali ya maji ya bahari kabla hujaendelea kupiga stata. Pampu inasukuma maji kila injini inapozunguka, na pasipo moshi wa kuyatoa yatajaa kwenye sailensa, kile chombo cha kupunguza kelele za ekzosi, mpaka yarudi ndani ya silinda. Ikiwaka tu, fungua vali mara moja, kwani impela ikizunguka kavu haidumu.