Swali la mbu lisichekwe

Semina ya Ukimwi haiishi bila mtu wa viti vya nyuma kunyoosha mkono: "Je, mbu akimuuma mwenye virusi, kisha akaniuma mimi?" Ukumbi unaangua kicheko, mtoa mada anajibu "hapana", watu wanarudi kuwaza posho. Kwangu mimi, muulizaji ndiye aliyekuwa anafikiri. Sisi ni watu wa malaria, tumezikwa na mbu miaka yote. "Hapana" tupu haitutoshi.

Safari moja nilimfuata mzee mmoja nje baada ya kuchekwa. Nikamwambia: mzee wangu, kimelea cha malaria kwa mbu kiko kwao. Kinazaliana tumboni mwake, kinahamia kwenye tezi za mate, na mbu akikuuma anakutemea mate hayo. Kirusi cha Ukimwi hakina maisha humo. Kinaingia kwenye seli kwa kushika kipokezi kiitwacho CD4, ambacho seli za mbu hazina, kwa hiyo kinameng'enywa pamoja na damu. Wala mbu hakurudishii damu aliyonyonya kwa jirani.

"Na sindano je?"

Hapo nilimpenda. Sindano haimeng'enyi kitu. Damu inabaki kwenye tundu lake, na anayeipokea anaisukuma mwenyewe mshipani.

Akaja kwa mifugo. Mbuzi, mbwa, kuku: hawaambukizwi. Paka ana kirusi chake, ndugu wa hiki chetu, lakini hakimpati mtu. Sokwe ndiye wa karibu: aina iliyoenea duniani ilitokana na kirusi cha sokwe wa kusini-mashariki mwa Kameruni, yaelekea kupitia damu ya mawindo. Sokwe wa Gombe, kule Kigoma, nao wana kirusi cha jamii hiyo, na utafiti uliotoka 2009 ulionyesha kinawaua mapema. (Watu wa Kigoma msisingiziwe, si hao walioanzisha janga.)

Kwa binadamu njia ni damu, shahawa, majimaji ya ukeni na ya njia ya haja kubwa, na maziwa ya mama. Sahani na jasho havimo.

Mwisho akauliza kwa sauti ya chini: anayemeza dawa vizuri je? Nikamjibu, virusi vikishuka hadi kipimo kisivione, na vikabaki hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana.

Akaniomba nirudie. Nikarudia.