Jeki wa Ngamiani

Pancha ilinikuta Ngamiani, Tanga, jua la saa saba linachoma utosi, na jeki yangu nilimwazima shemeji, naye akadhani amepewa. Nikaona kibao cha herufi nyekundu: JACK OF ALL TRADES. Mwenye pancha husoma neno la kwanza tu.

"Fundi, habari za kazi? Naomba jeki."

"Ndiye mimi," akanipa mkono.

"Jeki ya kuinulia gari, kaka."

"Bosi, umeshafika. Ndiye mimi."

Tungekesha hapo, kama si mwalimu mstaafu wa Kiingereza aliyekuwa akinywa kahawa barazani. Akatufafanulia kuwa Waingereza wa zamani walimwita Jack mwanamume yeyote wa kawaida: mtumishi, kibarua, shika hiki shika kile. Hivyo kibao kilisema Jack wa kazi zote. Baadaye hata chombo kilichomsaidia mtu kazi kikaitwa jina hilohilo, ndipo tukapata jeki.

"Nyinyi mnagombania ukoo mmoja," akasema, huku anatafuna kashata.

Nikamwambia shikamoo mwalimu, lakini tairi. Wapi! Mwalimu mstaafu akipata wanafunzi wawili, hawaachii. Akatupeleka Uingereza, 1592. Robert Greene, mwandishi mwenye shahada za Cambridge na Oxford, kafariki hohehahe; nyuma yake kikachapishwa kijitabu kinachomsimanga mwigizaji mmoja asiye na chuo anayejitia kutunga tamthilia. Kikamwita Johannes Factotum, yaani Yohana mfanya yote, Jack wa kazi zote kwa Kilatini. Wasomi karibu wote wanasema kijembe kilimlenga Shakespeare.

"Sasa niambieni, Greene nani anamjua?"

Fundi kusikia asiye na chuo kamshinda mwenye shahada, kifua kikamjaa. Akaita vijana wa bodaboda, akapanga matofali, akaleta gogo la mnazi. Harambee! Gari likapanda, nami nikaanza kumwamini. Tofali la chini likasagika kuwa unga. Gari likarudi chini kwa kishindo, likatua juu ya sinki jipya la choo la mteja mwingine, na bampa yangu ikateleza hadi kwenye birika la kahawa.

Mwalimu akaokoa kikombe chake kwanza. Kisha akasema, "Ndiyo maana karne ya 18 wakauongezea msemo mkia: *master of none*."

"Master? Yaani bingwa?" Fundi akang'aa macho.

"Maana yake hakuna hata kazi moja aliyo..."

Fundi hakuwepo tena. Alikuwa ndani anatafuta kopo la rangi.

Nilipofuata bampa wiki iliyofuata, kibao kilikuwa kimerefushwa kwa ubao wa kitanda: JACK OF ALL TRADES, MASTER OF NONE. Foleni ya wateja imefika barabarani. Bei ya kunyoosha bampa imepanda, na sinki la watu nimeandikiwa mimi, risiti imesainiwa "Master".