Data za kupewa nazo zina jasho lake

Siku nilipowasilisha pendekezo langu la utafiti wa shahada ya uzamivu katika elimu, mjumbe mmoja wa jopo, mzee ninayemheshimu, alifunga faili lake kabla sijamaliza akaniuliza: "Sasa mwanangu, uwandani unakwenda lini?" Nilimjibu kwamba siendi, kwa kuwa watoto niliokusudia kuwachunguza walikwisha kuhojiwa mkoani Kagera tangu mwaka 1991, wakati mimi mwenyewe sijaanza shule. Ukumbi ulicheka, lakini yeye hakucheka. "Hizo ni data za watu," alisema. "Za kwako ziko wapi?"

Nimelifikiria swali hilo kwa miaka kadhaa, na sioni kwamba lilikuwa baya. Kibaya ni jibu ambalo vyuo vyetu vimelizoea. Kwa mazoea hayo, mtahiniwa hutunga dodoso lake mwenyewe, akaligawa kwa walimu mia moja na ushei katika wilaya mbili, akazikusanya karatasi baada ya miezi mitatu, kisha akaandika katika sura ya tano kwamba umaskini wa wazazi unaathiri maendeleo ya wanafunzi. Neno hilo, kuathiri, lina dai la wakati ndani yake: kimoja kilitangulia, kingine kikafuata. Dodoso la siku moja haliwezi kulibeba dai hilo, hata likijazwa na walimu elfu kumi.

Utafiti wa Afya na Maendeleo wa Kagera ulianzishwa wakati ukimwi ulipokuwa ukiwamaliza watu wazima wa mkoa huo, kwa lengo la kupima vifo hivyo vinazifanya nini kaya zinazobaki. Kaya zaidi ya 900 kutoka jumuiya 51 zilitembelewa hadi mara nne kati ya mwaka 1991 na 1994, kwa kupisha miezi sita au saba kati ya ziara moja na nyingine. Wahojaji walirudi mwaka 2004, wakarudi tena 2010, na safari hizo hawakuwa wakitafuta nyumba bali watu: aliyeolewa wilaya nyingine, aliyehamia Mwanza au Dar es Salaam, hata aliyevuka mpaka kuingia Uganda. Kufikia mwaka 2004 zile kaya mia tisa na kitu zilikuwa zimezaa nyingine, hata wahojaji wakamaliza kazi wakiwa wamehoji kaya zaidi ya 2,700. Na katika asilimia 93 ya kaya za mwanzo walikuwa wamempata angalau mtu mmoja. Mwanafunzi gani wa uzamivu, mwenye posho tunazozijua, angeweza kuifanya kazi hiyo peke yake?

Faida yake kwa elimu inaonekana vizuri katika uchambuzi wa wanauchumi Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon. Waliwachukua watoto 718 ambao katika ziara za mwanzo wazazi wao wote wawili walikuwa hai, wakawaangalia tena mwaka 2004 wakiwa watu wazima. Asilimia 19 kati yao walikuwa wamefiwa na mzazi mmoja au wote kabla ya kutimiza miaka 15. Waliofiwa na mama walikuja kuwa wafupi kwa takriban sentimita 2, na walipungukiwa mwaka mmoja wa shule, kuliko ambavyo ingetarajiwa kama mama angeishi. Uzito wa matokeo hayo umo katika mpangilio wa wakati: hali ya mtoto ilipimwa kabla ya msiba, kwa hiyo huwezi kusema kirahisi kwamba pengine nyumba hizo zilikuwa fukara tangu awali na msiba ukasingiziwa tu.

Lakini mzee wa jopo alikuwa na haki katika jambo moja, nalo ni kwamba data ya kupewa humdanganya mvivu. Faili huja safi, safu zake zimenyooka, na kijana mwenye programu ya takwimu anaweza kupata jedwali la kupendeza kabla ya chakula cha mchana bila kujua swali liliulizwaje. Chukua swali dogo kabisa: mama wa mtoto huyu yuko hai? Sisi tuliolelewa katika lugha hii tunajua kwamba mama mkubwa ni mama, na mama mdogo ni mama, na kwamba mtoto aliyelelewa na dada wa mama yake tangu ananyonya anaweza kujibu "ndiyo" bila kusema uongo wowote. Neno yatima nalo lina mipaka tofauti kwa wasemaji tofauti: kuna wanaomhesabu aliyefiwa na baba, kuna wanaongoja afiwe na wote wawili. Asiyejua haya atayaona majibu yanapingana kati ya ziara ya pili na ya tatu, atayaita makosa, atayafuta.

Kisha kuna waliopotea, yaani wale ambao wahojaji waliporudi hawakuwapata tena. Katika tasnifu nyingi wanapewa aya moja, kana kwamba ni karatasi zilizolowa mvua. Mtoto aliyefiwa na mama akapelekwa kwa shangazi, akatoka kwa shangazi akaenda mjini kufanya kazi za ndani, ndiye mgumu kupatikana, na ndiye hasa ambaye swali letu linamhusu. Data ya Kagera yenyewe inaonyesha kwamba kuhama si jambo dogo: kati ya mwaka 1991 na 2004, matumizi ya waliohama, yaani thamani ya wanachokula na kutumia, yalikua kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya yale ya wenzao waliotoka kaya moja nao wakabaki. Anayewahesabu waliobaki kijijini peke yao anaandika habari za mkoa mwingine kabisa. Kwa maoni yangu, sura ya waliopotea iwe ya lazima, na mtahiniwa ahojiwe humo kuliko popote.

Sisemi data hizi zinatosha kwa kila jambo. Mwaka wa shule si ujuzi wa kusoma, kama vipimo vya Uwezo, mpango wa kuwapima watoto kusoma na kuhesabu, vilivyoanza miaka ya 2009 na 2010 vilivyotuonyesha kwa uchungu, ingawa navyo hupima watoto wapya kila awamu na hivyo haviwezi kutueleza mtoto yuleyule alifika wapi.

Jopo lilinipitisha kwa sharti: niende Kagera wiki mbili, bila dodoso. Nilikwenda nikinung'unika. Mwalimu mstaafu mmoja alinikaribisha barazani, tukala ndizi kwa maharage, nami nikamweleza kero yangu kuhusu watoto ambao miaka yao shuleni ilizidi darasa walilofikia kwa miaka miwili au mitatu, na ambao mimi nilikuwa nimeandika amri ya kompyuta ya kuwarekebisha. Alicheka sana. Akanieleza habari za watoto walioshindwa mtihani wa darasa la nne wakarudishwa nyuma, na wale waliofeli darasa la saba wazazi wao wakawapeleka shule ya mbali waanze upya darasa la sita kwa jina la mtoto mwingine aliyekwisha kuacha shule. "Huyo amesoma miaka tisa," alisema, "na cheti ni cha darasa la saba. Sasa wewe unamrekebisha nini?"

Usiku ule nilifungua kompyuta nikaifuta ile amri, watoto wakarudi kwenye jedwali na miaka yao yote.