Boya Lililovaa Rambo

Nyumba hii niliipanga kwa sababu ya neno moja la dalali: "self". Chumba, sebule na choo ndani, cha kukaa, cha kuflashi. Miaka yote niliyokaa uswahilini kupanga foleni alfajiri na kopo mkononi, nikaona Mungu kanijibu. Nikalipa kodi ya miezi sita pale pale, wala sikuuliza maji yanatoka siku ngapi.

Yanatoka Jumanne na Ijumaa. Saa nane usiku, muda ambao hata wachawi wameshaenda kulala.

Wapangaji tuko wanne, mita moja, bili tunagawana. Mwezi uliopita bili ikaruka, tukaitana kikao chini ya mwembe, tukamkalia kooni Mama Abdu maana ana watoto watano na kamba yake ya nguo haijawahi kupumzika. Nani aliongea kuliko wote? Mimi. Nilisimama kabisa. Nikasema humu ndani kuna watu wanafua mpaka nguo ambazo hazijavaliwa. Mama wa watu alitoka pale anafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Sasa Jumatatu akaja mama mkwe kutoka Korogwe. Mimi na mama mkwe tuna mazungumzo matatu tu: mvua, mahindi na wajukuu. Choo hakimo, na hakitakaa kiwemo. Jumatano asubuhi nakunywa chai, akaniambia huku anaangalia kalenda ukutani, "Baba Zawadi, huku Dar usiku imenyesha?"

"Hapana mama, kukavu."

"Ahaa. Basi imenyesha humu ndani tu."

Nikaweka kikombe chini. Chooni nikakuta ndala zinaelea. Maji yalikuwa hayajakatika, yanachuruzika kutoka kwenye tundu la kile kishikio cha kuflashia, yanafuata ukuta yanashuka sakafuni, taratibu, kama yanalipwa kwa saa.

Nikafunua tanki. Kwa asiyewahi kufunua, mle ndani hamna uchawi. Kuna boya la plastiki, kuna mkono wa shaba, na mwisho wa mkono kuna kimpira kidogo kama kifungo cha shati. Maji yakipanda, boya linapanda, mkono unakandamiza kile kimpira, tundu linaziba. Likigoma kuziba, kuna mrija umesimama katikati, unapokea maji ya ziada na kuyateremsha kwenye sinki la choo bila kelele. Bila kelele! Yaani ule mrija umekuwa ukinificha siri kwa muda wote huo, mpaka siku aliyokuja mkwe ndio umezidiwa.

Nikakinga kopo la lita moja pale kwenye tundu. Dakika moja, limejaa. Lita 60 kwa saa. Maji yakitoka kwa saa sita ni lita 360. Kwa usiku nane au tisa za mwezi, karibu uniti tatu, na uniti ni lita 1,000. Hapo sijagusa yale ya mrijani. Nikamkumbuka Mama Abdu na ile ncha ya kanga. Nikafunga mlango wa choo kwa komeo.

Utaniuliza, si ufunge koki iliyo chini ya tanki? Ile koki imekufa. Unazungusha kulia inazunguka, unazungusha kushoto inazunguka, maji yanakuangalia tu.

Fundi bomba alitaka elfu kumi na tano, vifaa juu yangu. Elfu kumi na tano kwa kimpira kama kifungo! Nikaenda hadiwea mwenyewe. Yule kijana wa dukani akaniuliza, "Nusu inchi au robo tatu, mzee?" Nikasema nusu, kwa sababu ndiyo ndogo na nilihisi itakuwa rahisi. "Orijino au ya Mchina?" Zote mbili zilitoka kwenye boksi moja. Nikachukua ya mia tano.

Nimeshabadilisha kimpira, vidole vimechubuka, ndio nikalitikisa boya. Likasema chwaa, chwaa, kama nazi sokoni. Limepasuka, limekunywa maji, limekuwa zito. Boya lililozama! Hata huko hadiwea sikurudi, maana Mama Zawadi alishaniuliza kwa sauti ya upole, "Umemaliza?" Kwa mwanamke wa Kizigua hilo si swali.

Nikamwaga maji, nikataka kulivalisha mfuko wa plastiki na kulifunga kwa mpira wa baiskeli. Mfuko wa plastiki utautoa wapi? Rambo zimepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Nilizunguka maduka matatu, kila nikitaja rambo muuzaji anatazama nje kama nimetaja bangi. Kumbe Mama Zawadi anazo, kazikunja chini ya godoro pamoja na cheti cha ndoa. Akanipa moja, nyeusi, huku akisisitiza kwamba ni ya kuazima.

Jumatano mchana hakuna maji, kwa hiyo kujaribu nikamimina ndoo. Boya likaelea na rambo lake kama bibi harusi. Nikamwita mke wangu aje aone. Alikuja, akaona, akarudi kuchambua mchele.

Ijumaa, saa nane kasoro, nimelala jicho moja. Maji yakaja kwa kishindo. Usiku hayana wa kugawana naye, yanakuja na hasira zote. Nikasikia tanki linajaa, linajaa, halafu tu, tu, tu, sakafuni. Nikarukia kanga ya mke wangu, nikajifunga, nikashika spana, nikatoka. Mkia wa rambo umenasa kwenye mkono wa shaba, boya limeng'ang'aniwa chini linashindwa kupanda. Nageuka nikatafute mkasi, mlangoni kasimama mama mkwe na kopo.

Mimi kifua wazi, kanga ya maua, spana mkononi, maji yamefika vifundoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba." Akaangalia dari. "Kafunge ile ya kwenye mita, mwanangu. Ulale. Utafungua alfajiri."

Nikaenda nikafunga. Kimya kikatawala, usingizi mtamu. Nilitega simu saa kumi, wapangaji wanapoamka kukinga. Simu ikazima chaji.

Nimeamshwa na kelele saa mbili na nusu. Nje kumejaa ndoo, madumu, mabeseni, na mbele yao Mama Abdu na watoto wote watano. Hakuna aliyepata hata tone, na maji mengine mpaka Jumanne. Wameshaikuta koki imefungwa. Wameifungua, imetoa hewa tu. Nikavaa shati haraka, nikaingia katikati, nikapaza sauti kuliko wote: "Huyu mtu tumtafute! Huu ni ushenzi! Kikao leo leo!"

Dirisha la sebuleni likafunguka.

"Baba Zawadi," akasema mama mkwe, "ile koki uliyofunga usiku, umekumbuka kuifungua?"