Nyumba yangu ya Usangi ina vyumba vinne na haina mtu

Jamani mi naishi Cornwall, kule kusini magharibi kabisa mwa Uingereza, huu mwaka wa sita, nahudumia wazee majumbani kwao na kazi yenyewe ni kuzunguka vijijini na gari kutwa nzima. Miezi ya mwanzo kuna kitu kilikuwa kinanishangaza sana, unapita kijiji kizuri cha nyumba za mawe kando ya bahari, saa kumi na moja jioni ya baridi giza limeshaingia, nyumba kama arobaini hivi halafu taa zinawaka kwenye nyumba sita. Nikawa najua huku watu wanalala mapema. Bibi mmoja ninayemhudumia alicheka mpaka akakohoa, akaniambia hao hawajalala, hao wako London, tutawaona Agosti wakija likizo.

Yaani Cornwall ina nyumba zaidi ya elfu kumi za watu wenye nyumba nyingine kwingine. Sasa mtoto wa pale pale, baba yake mvuvi, anafanya kazi kama yangu, atanunua na nini? Mwenzangu kazini kazaliwa kijiji hicho hicho, analala kwenye karavani nyuma ya zizi la shemeji yake, na baridi ile unaijua. Na shida yao sio fundi wala tofali. Shida ni kwamba huku huwezi kuamka ukachimba msingi kwenye shamba la babu yako, bila kibali cha halmashauri watakuja wakubomolee, na shamba likishapata kibali cha nyumba bei inaruka mara nyingi sana kuliko likiwa la kulishia ng'ombe.

Wamehangaika nayo. Mji wa St Ives mwaka 2016 walipiga kura, zaidi ya asilimia 80 wakasema nyumba mpya zote lazima ziwe makazi makuu ya mtu anayeishi humo, sio za likizo. Safi, ila sheria inagusa nyumba mpya tu, kwa hiyo mwenye hela yake anaenda kununua ya zamani na wewe mwenyeji unabaki pale pale. Tangu Aprili 2025 halmashauri inawatoza wenye nyumba za pili kodi mara mbili. Mwenye hela za kukaa na nyumba mbili sijui kama hiyo inamuuma.

Iliyonigusa mimi ni ya Rock, kijiji cha matajiri ng'ambo ya Padstow. Wanakijiji waliunda kitu kinaitwa community land trust, tuseme dhamana ya ardhi ya wanakijiji, wakapata kipande cha shamba kwa bei ya chini, na halmashauri huku inaweza kuruhusu ujenge pembeni ya kijiji mahali pasiporuhusiwa kwa sharti kwamba nyumba zitabaki za bei nafuu kwa wenyeji. Wakajenga nyumba 12 kwa mikono yao wenyewe, zikaisha 2008, watu wanatoka kazini wanavaa mabuti wanaenda kubeba tofali. Ila kilichozilinda hizo nyumba ni karatasi, mana ukitaka kuuza unauza karibu theluthi tu ya bei ya soko, na unamuuzia mwenyeji. Tajiri hana pa kuingilia.

Nilipoisoma hiyo habari nikasema kumbe huu ni msaragambo! Sisi Wapare tumejenga mashule na mabarabara hivyo hivyo, ikipigwa mbiu kila kaya inatoa mtu na jembe. Na ardhi kwetu ni ya kijiji, halmashauri ya kijiji ndo inasimamia kwa sheria ya 1999, hati ya kimila inatolewa pale pale kijijini na inaweza kuwekewa masharti. Hata tofali, siku hizi zipo za kufungamana, udongo na saruji kidogo unashindilia kwenye mashine ya mkono, huchomi kuni wala humalizi simenti kwenye viungo. Sasa tumekwama wapi?

Nikakumbuka nyumba yangu ya kule Usangi, milima ya Upare. Nimeijenga miaka mitano, hela ya zamu za usiku yote imeishia huko, msingi, nikafunga lenta, pagala likakaa mwaka mzima linaota majani, nikapaua kwa bati za geji 28, madirisha ya alumini, tailizi mpaka barazani. Vyumba vinne. Nimelala humo siku 19 jumla. Jirani kushoto mtoto wao yuko Dubai, kulia yuko Dar, zote kufuli. Yule bibi angepita Usangi usiku angecheka tena, mana huko mimi ndo mtu wa London.

Na kile kiwanja nilinunua bila kubishana bei, nilikuwa na haraka ya kurudi kazini, sasa hivi kila anayeuza pale anataja bei yangu. Nesi wa zahanati yetu kakosa chumba cha kupanga kijijini, kila asubuhi anapanda Noah kutoka Mwanga, na mvua zikikatisha njia zahanati haifunguliwi.

Juzi nimempigia baba mdogo, ndo mwenye funguo. Nikaamkia, akaitikia, nikamwambia baba naomba yule nesi aingie mule ndani, alipe kidogo tu cha kutunza nyumba. Kimya. Nikajua mtandao umekata.

"Sasa Disemba mkija mtalala wapi?"

Nikasema chumba kimoja kinatutosha.

"Na watu watasema mtoto wetu huko Ulaya kaishiwa, anapangisha."

Kasema atamuuliza mama kwanza. Leo siku ya nne, na nesi bado anapanda Noah ya saa kumi na mbili.