Kila Aliye Kivulini Katoka Juani?

Kiswahili kina majina mengi ya mtu maskini, na linalonigusa kuliko yote ni mlalahoi. Lisikilize vizuri. Halimtaji mtu asiyetaka kazi wala mtu asiye na akili. Linamtaja anayelala hoi, aliyechoka hadi viungo havimsikii. Ndugu yake ni mvujajasho. Yaani lugha ilipotafuta alama ya kumtambulisha maskini, iliuona uchovu wake kabla ya kitu kingine. Halafu lugha hiyohiyo ikigeuka inatuambia kwamba ajizi ni nyumba ya njaa, na kwamba mchumia juani hulia kivulini. Sasa kama jasho ndilo linalomvusha mtu, huyu anayevuja jasho tangu ujana mbona bado yuko juani?

Nilimsikia mzee mmoja mwenye mali zake akilijibu swali hili mbele ya mpwa wake. "Mwanangu, mimi nilianza sina hata kandambili. Ukiona mtu hana, ujue hakujituma." Kijana akajibu kwa adabu, lakini hakurudi nyuma: "Nakuelewa mjomba. Ila mlioanza pamoja bila kandambili mlikuwa wangapi?" Mzee akanyamaza kidogo. "Wengi," akasema. "Lakini mimi nilikuwa silali mapema."

Wote wawili walikuwa na hoja, na hoja zenyewe hazigongani kama walivyodhani. Methali inasema mchumia juani hulia kivulini. Haisemi kwamba kila aliye kivulini aliwahi kuchumia juani, wala haisemi kwamba kila aliye juani atafika kivulini kabla giza halijaingia. Sisi ndio tunaoisoma kinyumenyume: tunamwona mtu kivulini, tunampa jasho ambalo hatukuliona, tunamwona mwingine juani, tunampa uvivu ambao nao hatukuuona.

Nianze na upande wa mzee, maana siku hizi ni rahisi kuubeza. Bidii inazaa. Watu wawili waliolingana kwa kila kitu, mmoja akajituma na mwingine asijisumbue, baada ya miaka kumi hawatalingana tena, na hakuna anayeona ubaya katika hilo. Hata mtoto mdogo hulalamika akiona mwenzake aliyekaa tu kagawiwa sawa na yeye aliyefagia. Isitoshe, kumwambia maskini kwamba juhudi zake hazina maana ni kumnyang'anya kitu pekee kilicho mikononi mwake. Nimewasikia watu wenye shibe zao wakihubiri kwamba mfumo ndio kila kitu, na jioni wakirudi nyumbani wanawakemea watoto wao kwa kutosoma.

Kisha kuna hoja ya haki, na aliyeipanga vizuri kuliko wengi ni mwanafalsafa wa Marekani, Robert Nozick, mwaka 1974. Alimtumia Wilt Chamberlain, mcheza kikapu maarufu wa zama zile. Tuseme mali imegawanywa leo kwa namna ambayo wewe mwenyewe unaiona ni ya haki kabisa. Kuanzia kesho maelfu wanakwenda kumtazama Chamberlain, na kila mmoja kwa ridhaa yake anatumbukiza robo dola katika sanduku la mchezaji huyo. Msimu ukiisha, jamaa ni tajiri. Nani kadhulumiwa hapo? Ukitaka kuurudisha usawa wa jana, itabidi uwe unaingia mifukoni mwa watu kila siku.

Sijawahi kuona hoja hii ikibomolewa moja kwa moja. Kinachoulizika ni kama mali za duniani zimepatikana kwa njia ya sanduku lile. Nozick mwenyewe alikiri kwamba mali iliyoanza kwa dhuluma inadai kurekebishwa, jambo ambalo wanaopenda kumnukuu hulipita haraka.

Tena Chamberlain ni mfano wa mtu mwenye kipaji cha nadra. Wengi wetu hatuko huko. John Stuart Mill, mwanauchumi Mwingereza wa karne ya 19, alitazama malipo ya kazi akayaona yamekaa miguu juu: sehemu kubwa kabisa inakwenda kwa wasiofanya kazi hata kidogo, inayofuata kwa wale ambao kazi yao ni ya jina tu, na kadiri kazi inavyokuwa nzito na ya kukera ndivyo ujira unavyozidi kupungua. Sababu si siri. Anayepanga ujira hapimi jasho. Anaangalia ni watu wangapi wanaoweza kuja kesho kuifanya kazi hiyohiyo. Kubeba zege kunachosha, lakini wanaoweza kubeba zege ni wengi.

Basi tuseme tajiri analipwa kwa sababu ana kitu ambacho wengine hawana. Hata hilo halifiki mwisho wa safari. Mwaka 2006 jarida la Science lilichapisha jaribio la Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts. Kwenye intaneti waliweka nyimbo 48 za bendi zisizojulikana, wakapata wasikilizaji zaidi ya 14,000. Baadhi walichagua nyimbo bila kujua wengine wamechagua nini. Waliobaki waligawanywa katika makundi manane, kila kundi kama dunia yake, wakawa wanaona ni mara ngapi kila wimbo umepakuliwa na wenzao wa dunia hiyo. Nyimbo zilikuwa zilezile, na zote zilianza na sifuri.

Nyimbo nzuri sana mara chache zilianguka kabisa, na mbovu sana mara chache zilipanda. Hapo mjomba anapata haki yake. Lakini katikati, lolote liliwezekana. Wimbo mmoja ambao kwa wasikilizaji waliochagua peke yao ulikuwa wa 26, ulishika namba 1 katika dunia moja na namba 40 katika nyingine. Waliotangulia kidogo walivuta wafuasi, na wafuasi wakavuta wafuasi. Sasa fikiria yule mwimbaji katika dunia aliyokuwa namba 1. Akihojiwa angesimulia alivyokuwa akifanya mazoezi usiku wakati wenzake wamelala, na angekuwa anasema kweli tupu. Katika dunia aliyokuwa namba 40 mazoezi yalikuwa yaleyale, ila hakuna anayemhoji namba 40.

Ndiyo maana simlaumu mzee kwa simulizi yake. Mwaka 1979 watafiti Michael Ross na Fiore Sicoly waliwauliza wanandoa, kila mmoja kivyake, anabeba sehemu gani ya shughuli za nyumbani. Mara nyingi majibu ya mume na mke yakijumlishwa yalizidi kazi yenyewe. Hawakuwa waongo. Jasho lako unalikumbuka kwa sababu lilikuingia machoni. La mwenzako ulisimuliwa.

Ninawafahamu mafundi cherehani wawili wanaokaa baraza moja, migongo ikielekeana. Kazi za mikono yao siwezi kuzitofautisha. Wote wanatia zipu isipinde, wote wanakadiria kiuno cha mteja kwa jicho kabla ya kuvuta futi. Wa kwanza, cherehani ni yake. Wa pili, cherehani ni ya tajiri, na jioni lazima apeleke hesabu, ashone asishone. Huyu wa pili ndiye anayefika mapema na ndiye anayeondoka mwisho, taa ya simu ikining'inia kwenye msumari ili aone tundu la sindano. Mkanda wa cherehani ukikatika, wa kwanza anapoteza asubuhi yake. Wa pili anapoteza asubuhi na hesabu iko palepale, hivyo anaazima, na kesho anashona ili alipe jana. Mteja akija na bei ya kuumiza, wa kwanza anatikisa kichwa na kuendelea na kazi nyingine. Wa pili anapokea, kwa sababu jioni imefika na mkononi hana kitu. Ukiwatazama kwa mwaka mmoja utasema wa kwanza ana akili ya biashara na wa pili hajui kupanga bei.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2022, wa Clare Balboni na wenzake wanne, uliokwenda moja kwa moja kwenye jambo hili: maskini hubaki maskini kwa sababu ya jinsi alivyo, au kwa sababu ya alichokosa? Ulifanyika vijijini Bangladesh, kwa kaya 6,000 zilizoanza katika ufukara uliokithiri, zikafuatiliwa kwa miaka 11. Katika mpango wenyewe watu walipewa mali, hasa ng'ombe, na waliotangulia kupewa walipatikana kwa bahati nasibu. Kama tatizo lingekuwa watu wenyewe, muda ungepita na kila mmoja angerudi alikokuwa, ng'ombe au si ng'ombe.

Haikuwa hivyo. Ilionekana kuna kizingiti cha mali. Wale ambao ng'ombe waliopewa waliwavusha juu yake waliendelea kupanda miaka na miaka. Wakaacha vibarua vya mashambani na kazi za majumbani mwa watu, wakawa wafugaji wadogo. Waliobaki chini yake waliteleza wakarudi nyuma, ingawa nao walipewa. Yaani watu walewale waliodhaniwa hawawezi kazi ya maana waliiweza, ilimradi waifikie. Na kwa upande mwingine, msaada mdogo usiomfikisha mtu kwenye kizingiti uliyeyuka. Wanaopenda kusema "tuliwasaidia wakashindwa" wangefaa kuutazama utafiti huu mara mbili.

Mjomba angenikatiza hapa: wapo waliovuka bila kupewa ng'ombe na mtu. Wapo kweli, na yeye ni mmoja wao. Ila aliyevuka anathibitisha kwamba mlango upo. Hathibitishi upana wake.

Maneno tajiri na maskini nayo yanahitaji kuguswa kidogo. Tajiri limetoka kwenye Kiarabu, na huko ni mfanyabiashara tu. Kwetu limekwenda likawa pia mwenye chombo, yule ambaye fundi wangu wa pili anampelekea hesabu, hata kama mwenye chombo naye ana cherehani hiyo moja na madeni matatu. Benki ya Dunia ina kipimo chake: tangu Juni 2025 mstari wa ufukara uliokithiri ni dola 3 kwa mtu kwa siku. Kipimo hicho kina kazi yake, lakini Adam Smith, mwanauchumi wa Uskoti, aliliona jambo jingine tangu mwaka 1776. Aliandika kwamba katika Ulaya ya siku zake kibarua yeyote anayejiheshimu angeona aibu kutoka mbele za watu bila shati la kitani, ingawa Wagiriki na Warumi wa kale waliishi vizuri bila hilo shati. Kuwa maskini ni pamoja na kukosa kile ambacho kukikosa kunakufanya ukwepe macho ya watu.

Aibu hiyo inaongezeka pale jamii inapoamini kwamba kila mtu amepata anachostahili. Mwaka 1958 Mwingereza Michael Young aliandika kitabu cha kejeli kuhusu nchi ya siku zijazo ambamo cheo na mali vinagawanywa kwa akili na bidii tu. Walio juu wanajiona hawadaiwi na mtu, na walio chini hawana hata pa kusingizia. Neno alilolieneza katika kitabu hicho, meritocracy, yaani utawala wa wanaostahili, likaokotwa na wanasiasa wakaligeuza kuwa sifa, na mwaka 2001 mzee Young alikuwa bado anawalalamikia.

John Rawls, mwanafalsafa mwingine wa Marekani aliyeandika miaka mitatu kabla ya Nozick, alikwenda mbali zaidi: hata ule utayari wa kujituma, alisema, hutegemea nyumba na malezi aliyoyapata mtu. Namfuata nusu ya njia. Ni kweli mtoto aliyeona jitihada za wazazi zikizaa hujifunza kujituma, na aliyeziona zikipotea bure hujifunza kutojisumbua. Lakini nikikubali kwamba bidii nayo ni bahati tu, sina tena jinsi ya kumpongeza mtu kwa lolote, wala ya kumlaumu mwizi. Rawls mwenyewe hakudai watu walingane. Aliruhusu tofauti ziwepo zikiwa kwa faida ya walio chini kabisa.

Fundo gumu liko kwingine, na nilikuwa nimelificha. Cherehani ya fundi wa kwanza ilikuwa ya mama yake. Mama huyo aliinunua kwa kushona nguo za watu mpaka macho yakaanza kukataa uzi, naye alijua anamshonea nani. Kumpa mtoto ni sehemu ya malipo ya jasho lake. Ukimzuia, umemdhulumu. Ukimruhusu, umewapanga mafundi wawili kwenye baraza moja, mmoja akiwa mbele kabla hajatunga uzi. Haki ya mama na haki ya fundi wa pili zote ni haki, na sioni namna ya kuzitimiza zote mbili kikamilifu. Nyang'anya cherehani, na kesho hakuna mama atakayejitesa kwa ajili ya mwanawe. Acha kila kitu kama kilivyo, na wajukuu watakuwa wanapokezana hesabu: wa huyu wakilipa, wa yule wakipokea.

Mimi naegemea hapa: cherehani ibaki kwa mwenyewe, na nguvu zielekezwe kwenye kizingiti, mkopo usiomla mkopaji, matibabu yasiyomfilisi mgonjwa, shule isiyomuuliza mtoto baba yake ni nani. Yote hayo yanalipiwa kwa kodi, na kodi inatoka kwa waliovuka, akiwemo mjomba. Hatapenda, na ana haki ya kuuliza inatumikaje.

Nilimuuliza fundi wa pili kama anamwonea kijicho mwenzake. Akacheka, macho yakiwa kwenye upindo aliokuwa akiupinda. "Kaka, ile ya mama yake, niionee kijicho ya nini? Mimi kazi sijaikataa. Nataka siku nikiugua niugue tu, deni lisiwe linapanda huku nimelala." Kisha akarudi kukanyaga, maana jua lilikuwa linashuka na hesabu haijatimia.