Filbinger: jimbo alilolipanga upya na faili la Oslo
Hans Filbinger aliongoza jimbo la Baden-Württemberg, kusini-magharibi mwa Ujerumani, kuanzia 1966 hadi 1978, na kwenye sanduku la kura hakuna aliyemtikisa. Mwaka 1976 chama chake cha CDU kilizoa asilimia 56.7. Alipunguza manispaa kutoka zaidi ya 3,300 hadi takriban 1,100, na mpango huo unatumika mpaka leo. Alikwama Wyhl tu, ambako wakulima wa zabibu walivamia kiwanja cha kinu cha nyuklia mwaka 1975. Kinu hakikujengwa.

Februari 1978 mwandishi wa tamthilia Rolf Hochhuth alianika gazetini kazi aliyoifanya Filbinger vitani: hakimu na mwendesha mashtaka wa jeshi la majini la Hitler.

Watetezi wake wana hoja, tena nzito. Baharia Walter Gröger, mwenye miaka 22, alikuwa amehukumiwa kifungo cha miaka minane kwa kutaka kutorokea Sweden. Wakubwa wa jeshi wakaikataa hukumu hiyo, wakataka auawe. Filbinger aliipokea kesi mjini Oslo, Norway, Januari 1945 na kama mwendesha mashtaka akaomba hukumu ya kifo, mambo yakiwa yameshaamuliwa juu. Angegoma, angeletwa mwingine.

Mpaka hapo namwelewa, kwa shingo upande. Lakini Machi 16 ndiye aliyekuwa ofisa msimamizi Gröger alipopigwa risasi. Na baada ya vita, akiwa mateka wa Waingereza lakini bado hakimu wa wenzake, alimfunga baharia mwingine miezi sita kwa utovu wa nidhamu, pamoja na kung'oa alama ya swastika kwenye sare. Hitler alikuwa amekufa mwezi mmoja hivi nyuma. Shinikizo la kutoka juu hapo silioni.

Nadhani neno moja la majuto lingemwokoa. Yeye akakimbilia mahakamani kumshtaki Hochhuth, akashindwa katika mengi, huku zikiibuka hukumu nyingine za kifo, baadhi alizozitoa mwenyewe dhidi ya watoro ambao jeshi halikuwa limewakamata. Hazikutekelezwa, ni kweli, ila alishajifanya hazipo. Chama kikamtosa, akajiuzulu Agosti 7.

Alipofariki mwaka 2007, kiongozi wa jimbo wa wakati huo, Günther Oettinger, alisema mazishini kwamba marehemu alikuwa mpinzani wa Wanazi. Huyo huyo aliyejiunga na chama chao mwaka 1937! Angesifia manispaa akaishia hapo, nani angelalamika? Kansela Angela Merkel alimkosoa hadharani, na siku chache baadaye Oettinger akayameza maneno yake.